Tambi za kukaanga na kuku kwa namna ya Kichina: nifanye nini zisigeuke bokoboko?

Mama wa Tabata

Habari zenu, ndugu zangu wa jikoni. Jumamosi ijayo nitakuwa na watu sita mezani kwa chakula cha jioni, yaani shemeji yangu na jamaa zake, nao wameomba tambi za kukaanga na kuku kama zile zinazopikwa kwenye mikahawa ya Kichina hapa Dar es Salaam. Nyumbani nina jiko la gesi la mtungi wa kilo 6, kikaango kimoja kipana, sufuria za kawaida, na karai zito la chuma ambalo kwa kawaida hulikaangia maandazi. Katika maduka ya mtaani kwetu hupatikana spageti, tambi za haraka za pakiti na sosi ya soya ya aina moja tu. Kitu kingine chochote itanibidi nikifuate mjini.

Kinachonitatiza ni kwamba nikichanganya tambi, mboga na nyama ndani ya chombo kimoja, mboga hutoa maji, tambi hushikamana zikawa donge, na nyama ya kidari hukauka kabla karoti hazijaiva. Tambi za mkahawani kila uzi hujitegemea, nyama ni laini hata inateleza mdomoni, tena kuna harufu fulani ya kuungua kidogo ambayo si ya chakula kilichoungua. Je, spageti inaweza kutumika, au ni lazima nitafute tambi za mayai? Nyama hulainishwa kwa kitu gani? Na je, kuku wa kienyeji anafaa kwa pishi hili, kwa kuwa nimeletewa wawili kutoka Dodoma na sitaki wakae tu kwenye friji? Naomba pia mzingatie kwamba sisi ni Waislamu, kwa hiyo kiungo chenye pombe hakiingii jikoni kwetu.

Fundi wa Karai

Dada, salamu nyingi. Nianze na jiko, kwa sababu mengine yote yanatokana nalo. Majiko ya mikahawa ya Kichina hutoa moto unaoweza kuuzidi ule wa nyumbani mara kumi hivi, ndiyo maana mpishi wa kule anaweza kumimina bakuli zima la mboga na maji yake yakageuka mvuke papo hapo. Wewe ukifanya vivyo hivyo juu ya mtungi wa kilo 6, karai linapoa, maji yanatuama chini, na kuanzia hapo hukaangi tena bali unachemsha. Kwa hiyo kazi kubwa ya mpishi wa nyumbani ni kuyaondoa maji kabla vitu havijafika motoni, na kupika kidogo kidogo. Ukiyashika hayo mawili utaona kwamba chupa za sosi hazina uzito ambao watu huzipa.

Kwa watu sita, gramu 500 za tambi kavu na gramu 700 za nyama isiyo na mifupa zinatosha. Tambi zichemshwe mapema, hata saa mbili kabla ya wageni kufika. Zitoe zikiwa bado zina ugumu kidogo katikati, zisuuze kwa maji baridi ili wanga wa juu uondoke, zichuje, kisha zitandaze kwenye sinia pana, uzinyunyizie kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti na kuzigeuzageuza kwa vidole. Ziache hapo, bila kufunikwa, mpaka ukizigusa zisikulowanishe kidole. Hatua hii inarukwa na wengi kwa sababu inaonekana kama kupoteza muda, lakini donge unalolisema chanzo chake ni tambi zinazotoka kwenye chujio zikiwa moto, zimelowa, na kutumbukizwa karaini hapo hapo.

Nyama ya kidari ikate ikiwa imeganda nusu, kwa sababu hapo kisu hupita vizuri na vipande hutoka vyembamba na sawasawa. Angalia nyuzi za nyama zinaelekea wapi, kisha ukate kukatisha nyuzi hizo, unene usiozidi nusu sentimita. Vipande vikishayeyuka vifute kwa karatasi au kitambaa safi, halafu viweke kwenye bakuli pamoja na ute wa yai moja, kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi, kijiko kimoja cha chai cha sosi ya soya na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta. Ninaposema wanga wa mahindi ninakusudia ule unga mweupe laini kabisa unaouzwa kwa pakiti ndogo kwa ajili ya kuzitia uzito supu na keki, wala si sembe. Changanya kwa mkono mpaka kila kipande kivae utando, kisha funika na kuweka kwenye friji kwa nusu saa.

Sasa linakuja jambo linaloifanya nyama ya mkahawani iteleze. Wapishi wa Kichina huipitisha nyama hiyo kwanza kwenye mafuta mengi yenye joto la wastani, huitoa ikiwa imeiva nusu, na ndipo huikaanga. Nyumbani si lazima kupoteza lita nzima ya mafuta. Maji yanafanya kazi hiyo hiyo. Chemsha sufuria ya maji, tia kijiko kimoja cha mafuta, punguza moto mpaka maji yawe yanatokota polepole, kisha tumbukiza nyama huku ukiitenganisha kwa uma. Baada ya sekunde 40 hadi 60 vipande vitakuwa vyeupe kwa nje na bado havijaiva katikati. Vichuje vizuri. Ule utando wa ute na wanga umekwisha kuganda na utaupokea ukali wa moto badala ya nyama yenyewe, na kwa kuwa kazi iliyobaki ni ya dakika moja au mbili tu karaini, kidari hakipati nafasi ya kukauka.

Mboga zikatwe nyembamba na zikaushwe. Karoti ziwe kama njiti, kabichi na pilipili hoho ziwe vipande virefu, na vitunguu vya majani vigawanywe sehemu mbili, mashina meupe upande mmoja na majani mabichi upande mwingine, kwa sababu haviingii motoni kwa wakati mmoja. Ukitumia chainizi ya sokoni, tenga mashina na majani kwa namna hiyo hiyo, na uioshe mapema, kwani maji hujificha katikati ya majani na ndiyo yatakayokuharibia kazi.

Sosi ichanganywe kwenye kikombe kabla ya kuwasha moto: vijiko vitatu vya chakula vya sosi ya soya nyepesi, kijiko kimoja cha soya nzito nyeusi kwa ajili ya rangi, viwili vya sosi ya chaza, kijiko kimoja cha chai cha sukari, pilipili manga na vijiko vinne vya maji ya kuku. Chumvi usiongeze kabla ya kuonja. Ile sosi ya dukani kwenu, kama ni ya aina moja tu, inaelekea kuwa nyepesi. Itumie, na rangi ikipungua si neno.

Ukishakuwa na kila kitu pembeni, pasha karai likiwa tupu kwa moto wote ulio nao mpaka uone moshi mwembamba unapaa. Zungusha vijiko viwili vya mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, tia tangawizi, kitunguu saumu na mashina ya vitunguu kwa sekunde chache, kisha nusu ya nyama. Itandaze na uiache itulie kabla ya kuigeuza, kwa sababu kugeuzageuza mfululizo kunapunguza joto. Itoe. Kaanga nusu ya karoti, kabichi na hoho kwa dakika moja na nusu, zitoe nazo. Sasa ongeza mafuta kidogo, tia nusu ya tambi, ziache dakika nzima zishike rangi chini, zigeuze, ndipo urudishe nyama na mboga. Sosi imiminwe ukingoni mwa karai na si katikati, ili iungulie kidogo kwenye chuma kabla ya kuzifikia tambi; sehemu kubwa ya harufu uliyoitaja hutoka hapo. Malizia na majani ya vitunguu na kijiko cha chai cha mafuta ya ufuta ukishazima moto. Kisha rudia yote kwa nusu iliyobaki. Nakuomba usishawishike kuunganisha awamu mbili ili kuokoa dakika kumi.

Meza ya Nairobi

Nakubaliana na Fundi karibu katika yote, ila hakujibu swali la spageti, na mimi nadhani ndilo lenye faida kwa wengi.

Kinachozitofautisha tambi nyingi za ngano za China ya kusini na spageti ni maji ya magadi yanayotiwa kwenye unga, yaani kaboneti za sodiamu na potasiamu. Hayo ndiyo yanayozipa tambi hizo rangi ya manjano, harufu yake ya pekee na ule mnepo unaorudi ukiuma. Spageti haina kitu hicho, lakini unaweza kuisogeza karibu kwa kutia bikabonati ya soda ya kuokea kwenye maji ya kuchemshia, vijiko viwili vya chai kwa kila lita. Chagua spageti nyembamba kuliko zote dukani. Tumia sufuria kubwa usiijaze, maana maji yatafura povu na kumwagikia jiko, na uanze kuonja mapema kuliko muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kisha suuza vizuri ili ladha ya sabuni isibaki. Hazitakuwa tambi za Guangdong, lakini mgeni hatasema amepewa spageti.

Kwa kuwa nimetaja magadi, naomba nitoe tahadhari. Magadi ghafi, yale mawe au unga wa kijivu unaotiwa kwenye maharage na makande, ni jamii hiyo hiyo ya chumvi, na Ziwa Magadi huku kwetu Kenya linavunwa kwa sababu hiyo. Hata hivyo, magadi yanayookotwa katika baadhi ya maeneo ya kaskazini mwa Tanzania yana floridi nyingi inayoharibu meno ya watoto, kwa hiyo mimi nisingeyatia kwenye chakula hiki wakati bikabonati safi ya pakiti inauzwa kwa bei ndogo.

Bikabonati hiyo hiyo inaweza pia kulainisha nyama iwapo hutaki shughuli ya ute na maji ya moto: nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya vipande, dakika 15 hadi 20, kisha suuza na kukausha. Inafanya kazi kwa kuzuia protini za juu ya nyama zisikazane zinapopata joto. Ukizidisha, nyama inakuwa na utelezi usiopendeza, tena inaacha ladha ya ajabu ya sabuni. Chagua njia moja kati ya hizo mbili.

Tambi za haraka za pakiti zitumie kama hakuna lingine. Zilivumbuliwa Japani na Momofuku Ando mwaka 1958, na zile za kwanza kabisa zilikuwa za ladha ya kuku, kwa hiyo hata zenyewe hazitoki nje ya mada yetu. Lakini zimekwisha kukaangwa kiwandani, zinanywa maji upesi, na zikizidi dakika moja kwenye maji ya moto hazitavumilia karai. Kile kipakiti cha viungo kiweke pembeni, la sivyo chumvi itakuwa maradufu. Kijiko kimoja tu cha chakula cha soya nyepesi kina takriban miligramu 900 za sodiamu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 kwa siku nzima. Kwa sababu hiyo hiyo mimi ningepunguza kijiko kimoja kwenye sosi ya Fundi kama kuna wazee au watoto mezani.

Mgeni wa Guangzhou

Assalaam alaykum, dada, na salamu kwa wote. Mimi naishi Guangzhou kwa shughuli za biashara, karibu na Xiaobei, mtaa unaojulikana na Waafrika wengi wanaokuja kununua bidhaa. Nitasema jambo ambalo huenda likampinga Fundi kidogo.

Kwa jiko la mtungi wa kilo 6, nisingefuata tambi za kuchanganywa karaini hata kidogo. Huku Guangdong na Hong Kong kuna pishi jingine la tambi za kukaanga, ambalo tambi na nyama hazikutani mpaka mwisho. Tambi nyembamba za mayai zikishachemshwa na kukauka, hutandazwa kwenye kikaango chenye mafuta ya kutosha, hubanwa kidogo, na kuachwa kwa moto wa wastani dakika tano au sita bila kuguswa, mpaka upande wa chini uwe wa rangi ya dhahabu na ulie ukigongwa na mwiko. Kisha hugeuzwa kwa kutumia sahani na kurudishwa motoni upande wa pili. Juu yake humiminwa mchuzi mzito wenye nyama iliyokatwa nyembamba, mara nyingi ya nguruwe lakini ya kuku pia, pamoja na machipukizi ya choroko. Pembeni tambi hubaki zikivunjika kwa meno, na katikati hunywa mchuzi na kulainika. Pishi hili halihitaji moto wa kutisha, linahitaji subira tu, na mboga kutoa maji si tatizo tena kwa kuwa maji hayo ndiyo mchuzi wenyewe.

Kwa watu sita ningetengeneza mikate miwili ya tambi kwenye kikaango chako kipana. Ya kwanza ikiwa tayari iweke juu ya waya au kwenye sinia bila kuifunika, kwa maana ukiifunika mvuke wake utairudisha ulaini. Nyama iandae kama Fundi alivyoeleza, kaanga tangawizi, saumu na mboga, tia vikombe viwili vya maji ya kuku pamoja na sosi yako, na mwisho vijiko viwili vya wanga wa mahindi vilivyokorogwa kwa maji baridi. Mchuzi uwe wa kushika mgongo wa kijiko. Umimine mbele ya wageni, kwani ukikaa robo saa juu ya tambi, kazi yote ya kuzikausha imepotea.

Kuhusu pombe, mapishi mengi ya huku hutaja mvinyo wa mchele wa Shaoxing, nao ni pombe bila shaka. Kazi yake ni kuondoa shombo na kuongeza harufu. Maji ya kuku yenye tangawizi iliyotwangwa na matone machache ya siki ya mchele yanaziba pengo hilo bila mtu kuona upungufu. Soma pia maandishi ya chupa za soya na sosi ya chaza, maana kuna kampuni zinazotia pombe kama kihifadhi, na zipo chupa nyingi zenye alama ya halali zisizo na shida hiyo.

Sasa kuku wako wa kienyeji. Huyo usimkaange kwa haraka, kwa sababu misuli yake imefanya kazi na haitalainika kwa dakika mbili, hata umpake nini. Mpikie dapanji, yaani kuku wa sahani kubwa, pishi la Xinjiang lililopata umaarufu tangu miaka ya 1980 na ambalo leo hupatikana kwenye migahawa mingi ya Waislamu nchini China. Kuku hukatwa vipande vidogo pamoja na mifupa. Sukari, vijiko viwili vya chakula, huyeyushwa kwenye mafuta mpaka iwe na rangi ya kahawia, na kuku huingia hapo hapo ili ashike rangi hiyo. Ukichelewa sukari inakuwa chungu, kwa hiyo kuku awe mkononi. Baadaye hufuata tangawizi, kitunguu saumu, pilipili kavu nzima, mdalasini, anisi ya nyota, soya na maji ya kufunika nyama. Kuku wa kisasa huiva kwa nusu saa, ila huyo wako mpe saa moja na zaidi kabla ya kutia viazi, na hoho ziingie dakika tano za mwisho.

Tambi zake ni pana kama mshipi, na wewe unayejua kukanda chapati huzihitaji kutoka dukani. Unga wa ngano nusu kilo, maji kikombe kimoja na robo hivi, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kanda mpaka donge liwe laini, lipake mafuta, lifunike na ulipumzishe kwa saa moja. Likate vipande, bapa kila kipande kwa mkono, shika ncha mbili na uvute taratibu huku ukikipigapiga juu ya meza. Kikikatika kabla ya kurefuka, unga haujapumzika vya kutosha, basi uuache robo saa nyingine. Vichemshe dakika mbili au tatu na uvitie kwenye mchuzi. Wageni wako watakula hicho kwa furaha kuliko tambi za karaini, huo ndio ukweli wangu.

Mama wa Tabata

Nawashukuru sana. Sasa mmenipa mashaka mengine mazuri. Dapanji nitawapikia watoto wangu wiki inayofuata na kuku wa Dodoma, lakini shemeji ameomba tambi za kukaanga kwa jina, na mtu aliyeomba kitu kwa jina hapewi kingine. Nimebaki kati ya njia ya Fundi na njia ya Mgeni. Je, mkaa ungesaidia? Nina jiko la mkaa linalokaa uani. Na hayo machipukizi ya choroko yanapatikana wapi?

Mpwani wa Tanga

Bibi, mkaa unasaidia, tena sana, na nashangaa kwamba hakuna aliyeutaja. Jiko la mkaa lililojaa na kupepewa mpaka makaa yote yawe mekundu huipokea chini ya karai ikazama kidogo, na joto likashika pande zake pia, wakati jiko la mtungi hupasha duara dogo la katikati tu. Tatizo ni kwamba mkaa haupunguzwi kwa kugeuza kitasa, kwa hiyo kila kitu kiwe kimekatwa na kupangwa pembeni kabla, na uwe na kitambaa kikavu cha kuliinulia karai pale moto unapozidi. Pikia uani, usiliingize jiko ndani ya nyumba, kwa kuwa hewa ya mkaa inaua.

Machipukizi ya choroko huna haja ya kuyatafuta mjini. Chukua kikombe kimoja cha choroko nzima zisizokobolewa, ziloweke usiku mmoja, zichuje, ziweke kwenye chujio au bakuli lenye matundu lililofunikwa kwa kitambaa kizito, mahali penye giza, na uzisuuze kwa maji safi mara tatu kwa siku. Kwa joto la pwani, baada ya siku tatu au nne utakuwa na mikia ya sentimita tatu hadi tano. Zikikaa kwenye mwanga zinageuka kijani na kuwa chungu kidogo. Ukianza Jumanne usiku, Jumamosi jioni zitakuwa tayari. Usizile mbichi, zipitishe karaini mpaka ziwe moto kabisa, kwani unyevu na joto vinavyochipusha choroko ndivyo vinavyopendwa na vijidudu.

Mafuta ya ufuta nayo yanahitaji neno. Ufuta unalimwa kwa wingi Lindi na Mtwara, na sehemu kubwa huuzwa nje, China ikiwamo, lakini mafuta yanayokamuliwa huku kwetu mara nyingi hutoka kwenye mbegu zisizokaangwa, kwa hiyo hayana ile harufu nzito inayotakiwa. Kama huna ya Kichina, kaanga kijiko cha ufuta kwenye kikaango kikavu mpaka uanze kurukaruka, utwange kidogo, na umwagie juu ya tambi mwishoni. Mimi naupenda huo kuliko mafuta yenyewe.

Fundi wa Karai

Mpwani ametoa jibu lililonizidi, na kama kuna jiko la mkaa basi njia ya karai inarudi kuwa ya kwanza. Dada, fanya hivi: nyama na mboga zipikwe kwenye karai juu ya mkaa, tambi nazo zikaangiwe mkaani kwa awamu mbili, na jiko la gesi libaki kwa kuchemshia na kwa kuipitisha nyama majini. Ila mvua ikinyesha Jumamosi, usibishane nayo, hamia kwenye mikate ya tambi ya Mgeni, kwa sababu viungo ni vilevile na hakuna kitakachoharibika isipokuwa utahitaji maji ya kuku zaidi.

Mama wa Tabata

Nimekubali mpango huo. La mwisho: mambo gani naweza kuyafanya Ijumaa usiku, na yapi yangoje Jumamosi? Natoka kazini saa saba mchana siku hiyo.

Fundi wa Karai

Ijumaa usiku chemsha mifupa na mabawa upate maji ya kuku, kisha uyapoze na kuyaweka kwenye friji. Kata karoti, kabichi na hoho, uzifunge kwenye kitambaa kikavu ndani ya mfuko. Changanya sosi kwenye chupa, lakini kama utatia wanga kwa ajili ya mchuzi mzito, utie Jumamosi, na uukoroge tena kila kabla ya kuumimina kwa sababu unazama chini. Nyama ikate usiku huo huo ikiwa bado imeganda nusu, uirudishe kwenye friji ikiwa imefunikwa, ikae rafu ya chini isije ikadondokea vyakula vingine.

Jumamosi ukifika nyumbani, chemsha tambi kwanza ili zipate muda wa kukauka, ndipo uivishe nyama ute na wanga. Vitunguu vya majani na tangawizi vikatwe jioni, kwani vikilala vinatoa harufu isiyopendeza. Mkaa uwashwe wageni wakishafika, kwa sababu kutoka karai kuanza kutoa moshi mpaka sahani ya mwisho haitapita nusu saa. Ikiwa kuna kitakachobaki, kiingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita, na kesho yake kipashwe kikaangoni kwa tone la maji mpaka kitoe mvuke.